Nani Anatusemea Mbele ya Dirisha la Dawa?

Ndugu wafanyakazi,

Wajumbe wetu hukaa mezani na mwajiri kupigania mshahara. Wakirudi na nyongeza ya shilingi mia chache twashangilia, na ni haki kushangilia, maana si kazi rahisi kumtoa mwajiri fedha mfukoni. Lakini kabla mwezi haujaisha mtoto anashikwa na pumu, au mama huko nyumbani anaambiwa ana ugonjwa wa sukari, na nyongeza yote inapita katika dirisha la duka la dawa. Hapo dirishani hakuna mjumbe wa chama. Hakuna mapatano. Bei imekwisha kuwekwa na mtu tusiyemjua, nasi twalipa au twarudi mikono mitupu.

Neno letu katika ukurasa huu ni hili. Mfanyakazi auzapo nguvu zake, anacho chama cha kumsemea. Anunuapo dawa, yuko peke yake. Twaona wakati umefika wanunuzi wa matibabu nao wawe na umoja wao, na vyama vya wafanyakazi ndivyo vinavyopaswa kuushika mkono umoja huo mpaka usimame.

Mtu atasema hizo ni ndoto. Basi na tueleze jambo lililotendeka katika Afrika hii hii, tena kwa msaada wa wafanyakazi kama sisi.

Tarehe 10 Desemba 1998 watu wachache walikutana penye kanisa kuu la St George's mjini Cape Town, Afrika Kusini, wakaanza kukusanya sahihi. Walitaka wagonjwa wa ukimwi wapate dawa kwa bei wanayoiweza. Wakaunda shirika, wakaliita Treatment Action Campaign, kwa ufupi TAC. Halikuwa shirika la kutafuta faida, wala la kutafuta kura. Kiongozi wake aliyejulikana sana, Zackie Achmat, alikuwa mwenyewe ana virusi. Akatangaza mbele ya watu kwamba hatameza dawa za kupunguza makali ya ukimwi mpaka mtu maskini aweze kuzipata katika hospitali za Serikali. Alikaa hivyo mpaka mwaka 2003. Hata Mzee Nelson Mandela alipomtembelea mwaka 2002, hakukubali kuanza dawa peke yake.

Kwa nini dawa zilikuwa ghali? Hapa ndugu tusikilize vizuri, maana hili ndilo fumbo lote. Mwaka 2000 dawa za mgonjwa mmoja kwa mwaka mmoja zilifika zaidi ya dola 10,000 za Marekani. Mwezi wa Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikasema itaziuza kwa shirika la madaktari la Médecins Sans Frontières kwa dola 350. Kazi ya dawa ni ile ile. Ugonjwa ni ule ule. Tofauti ilikuwa hataza, yaani ile hati inayompa kampuni ruhusa ya kutengeneza na kuuza dawa yake peke yake kwa miaka 20. Mwenye hataza ni kama mtu mwenye njia ya reli moja tu ya kufika mjini. Nauli ni kama apendavyo yeye, na asiyeweza na atembee kwa miguu. Lakini mgonjwa hawezi kutembea kwa miguu.

Hatusemi aliyevumbua dawa asipate malipo yake. Fundi hustahili ujira, na sisi mafundi hatuwezi kukana neno hilo. Twasema ujira una kipimo. Bei ikiwa kubwa hata watu wanazikwa na dawa ipo rafuni, hapo si ujira tena.

Mwaka 1997 Bunge la Afrika Kusini lilikuwa limepitisha sheria ya kuiwezesha Serikali kupata dawa za bei nafuu. Makampuni makubwa yakaishtaki Serikali mwaka 1998. Walipofika mahakamani Pretoria mwezi wa Machi 2001, makampuni yalikuwa 39. TAC ikaomba kuingia katika kesi kama rafiki wa mahakama, ikaeleza habari za wagonjwa wenyewe, siyo habari za biashara tu. Nje ya mahakama watu wakaandamana, na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COSATU, lilikuwa pamoja nao. Tarehe 19 Aprili 2001 makampuni yakaiondoa kesi yao. Makampuni 39 yenye mali isiyohesabika yalirudi nyuma kwa sababu watu wa kawaida walisimama mahali pamoja.

Lakini jambo linalotugusa zaidi sisi watu wa vyama ni lile la mwaka 2002. TAC, COSATU, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya kemikali na karatasi, wauguzi, madaktari na wagonjwa walipeleka mashtaka mbele ya Tume ya Ushindani ya nchi yao. Walisema makampuni mawili, GlaxoSmithKline na Boehringer Ingelheim, yanatoza bei ya kupita kiasi. Mwezi wa Oktoba 2003 Tume ikaona kwamba mashtaka yana msingi. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo makampuni yakapatana nao. Yakakubali kuwapa viwanda vingine ruhusa ya kutengeneza dawa zile, na ada ya ruhusa hiyo isizidi asilimia 5 ya mauzo.

Ndugu, angalieni hayo mapatano. Si sadaka. Si huruma ya tajiri. Ni mapatano ya mezani, kama yale tunayoyajua sisi, ila safari hii yalikuwa juu ya bei ya dawa badala ya bei ya kazi.

Tena watu hawa hawakuogopa kusema na Serikali yao wenyewe. Wengi wao walikuwa wamepigania uhuru pamoja na viongozi wale wale waliokuwa madarakani, na COSATU ilikuwa rafiki wa chama kinachotawala. Hata hivyo Serikali ilipokataa kueneza dawa ya nevirapine, ya kumkinga mtoto asipate virusi kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, TAC iliipeleka mahakamani. Tarehe 5 Julai 2002 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba dawa ile itolewe katika hospitali za umma. Urafiki ni kitu kizuri, lakini mtoto asife kwa ajili ya urafiki.

Sasa tuulize, watu wale walipata wapi nguvu? Fedha nyingi hawakuwa nazo kama makampuni. Nguvu yao ilikuwa katika mambo mawili. La kwanza, walikuwa na matawi na wanachama, kama chama cha wafanyakazi, siyo wakubwa watatu wenye ofisi mjini na barua zenye mhuri. La pili, walisoma. Katika matawi walifundishana majina ya dawa, kazi yake mwilini, madhara yake, bei yake hapa na bei yake nchi nyingine. Mtu aliyeacha shule mapema aliweza kusimama mbele ya daktari na kuuliza, kwa nini wanipa hii wala si ile? Mwezi wa Oktoba 2000 Achmat alikwenda Thailand akarudi na vidonge vya fluconazole, dawa ya maambukizo ya ukungu yanayowashika sana wenye ukimwi. Alivileta waziwazi ili watu wote waone. Kule bei haikufika randi 2 kwa kidonge, na kwao ilikuwa mara nyingi zaidi. Hesabu moja kama hiyo ikiwekwa mbele ya watu ina nguvu kuliko hotuba ya saa tatu.

Na sisi Kenya je? Tusidhani kwetu hakuna kilichofanyika. Mwezi wa Juni 2001 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, iliyofungua njia ya kuleta nchini dawa za bei nafuu kutoka nje. Haikupita kwa bahati. Madaktari, mashirika na watu wanaoishi na virusi walikuwa wameungana kuidai. Wengi wa watu wale hatujui majina yao, lakini matunda ya kazi yao twayaona. Leo dawa za kupunguza makali hutolewa bila malipo katika hospitali na vituo vya Serikali. Bei ambayo programu hizo hununulia dawa za mgonjwa mmoja kwa mwaka imeshuka mpaka chini ya dola 50. Kutoka 10,000 mpaka chini ya 50! Nani atatuambia sasa kwamba bei ya dawa ni kama mvua, hushuka ikipenda yenyewe?

Tena kazi ya namna hii haimaliziki siku moja. Mwaka 2008 ikaja sheria nyingine, ya kuzuia bidhaa bandia. Kuzuia vitu bandia ni jambo jema, na hakuna mfanyakazi anayetaka dawa ya chaki. Lakini maneno ya sheria ile yalikuwa mapana, hata dawa halali zinazoitwa jeneriki zingeweza kukamatwa kana kwamba ni za wizi. Hizi jeneriki ni dawa zenye kazi ile ile, zilizotengenezwa na kiwanda kingine bila jina kubwa. Watu watatu wanaoishi na virusi wakaenda Mahakama Kuu. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba vifungu vile vinahatarisha haki yao ya uhai, ya heshima na ya afya iliyo katika Katiba. Watu watatu tu, ndugu, lakini nyuma yao walikuwapo wengi waliowashika mkono.

Basi dawa za ukimwi zilipata watetezi. Lakini dawa za pumu je? Za sukari? Za shinikizo la damu? Za saratani? Mtu mwenye sukari hana tawi. Mwenye shinikizo la damu hana mjumbe. Kila mmoja hubeba karatasi yake ya daktari peke yake, toka duka hili mpaka duka lile, akitafuta palipo na upungufu wa shilingi hamsini. Wengine hununua vidonge vya siku tano badala ya mwezi, kisha humeza kimoja leo na kesho wakapumzika. Katika karakana twajua habari hizi. Karatasi ya mchango huzunguka kila mara. Leo ni kwa ajili ya mke wa fulani aliyepasuliwa, kesho ni kwa ajili ya kumtoa ndugu yetu hospitali kwa sababu bili haijalipwa. Ingawa mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumfungia mgonjwa hospitali kwa ajili ya deni ni kuvunja Katiba, jamaa wengi hawajapata kuambiwa neno hilo, nao huendelea kuuza ng'ombe na shamba. Yule mwanamke wa katika Injili aliyemaliza mali yake kwa matabibu, miaka kumi na miwili wala asipone, angefika mtaani kwetu leo angeona ana dada wengi.

Sasa tufike katika karatasi ya mshahara, maana wengine watasema, mbona twakatwa fedha ya matibabu? Kweli twakatwa. Kuanzia mwaka 1966 tulikatwa kwa ajili ya NHIF. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kwa ajili ya mfuko mpya wa SHA. Tuseme haki, mpango huu umempunguzia mtu wa chini. Mwenye shilingi 20,000 alikatwa 750, sasa hukatwa 550. Mwenye 60,000 alikatwa 1,300, sasa hukatwa 1,650. Kwamba mwenye zaidi atoe zaidi si jambo la kulia.

Lakini tuangalie mstari mwingine wa karatasi ile ile. Katika makato ya nyumba sisi twatoa asilimia 1.5, na mwajiri naye hutoa asilimia 1.5. Katika NSSF sisi twatoa, na mwajiri hutoa kiasi kile kile. Katika matibabu sisi twatoa asilimia 2.75, na mwajiri, kwa sheria ilivyo, hatoi kitu. Kwa nini? Mfanyakazi mgonjwa haharibu kazi ya mwajiri? Mgongo wetu unapoumia, haukuumia katika mzigo wake? Hilo ni swali la kuulizwa mezani, na kama hatuliulizi sisi, hakuna atakayeliuliza kwa niaba yetu.

Tena kukatwa si kutibiwa. Kama fedha inakatwa kila mwezi, kisha mtu anafika hospitali akaambiwa dawa hakuna, nenda ununue nje, basi amelipa mara mbili. Nani anaandika habari hizo? Nani anazihesabu mji kwa mji, dawa kwa dawa, kuzipeleka kwa Waziri na kwa magazeti? Mtu mmoja mmoja hunung'unika katika matatu, na manung'uniko yanashuka pamoja naye kituoni.

Ndiyo sababu twasema umoja wa wanunuzi wa matibabu unatakiwa. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekwisha kufungua mlango. Kifungu cha 43 chasema kila mtu ana haki ya afya, na kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kifungu cha 46 kinawapa wanunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora wa kufaa, na haki ya kupewa habari wanazohitaji. Lakini haki iliyoandikwa ni kama injini baridi. Ipo relini, inang'aa, lakini haitavuta hata behewa moja mpaka watu watie moto.

Tumesikia majibu ya wengine. Wako wasemao, chama tunacho, cha pili cha nini? Twajibu, chama chetu kinaishia langoni pa kazi. Mama mzee kijijini hana karatasi ya mshahara, wala mwuza mboga wa Gikomba hana, wala kijana wa bodaboda hana. Wote hao hununua dawa katika dirisha lile lile. Tukiwaacha, bei itakayowashinda wao ni hiyo hiyo itakayotushinda sisi. Tukiungana nao, hesabu yetu inakuwa kubwa kuliko ya chama chochote nchini.

Wako wasemao, hii ni siasa, Serikali itachukia. Twajibu, kuuliza bei si uasi. Afrika Kusini hawakuitukana Serikali. Walisimama upande wake kesi ya makampuni ilipokuja, na walisimama mbele yake iliponyima dawa. Mtu wa haki huenda na haki, siyo na kiti.

Wako pia wasemao, dawa ya bei rahisi ni dawa mbovu. Hili ndilo neno linalotugharimu zaidi. Dawa mbovu zipo, na kazi ya Bodi ya Famasia na Sumu ni kuzikamata. Lakini dawa iliyopimwa na kuandikishwa haiwi mbovu kwa sababu sanduku lake halina rangi za kupendeza.

Basi tufanye nini? Twaleta mambo manne mbele ya wanachama, yajadiliwe katika mikutano ya matawi.

La kwanza, kila tawi lichague kamati ya matibabu ya watu watatu, na mmoja wao awe mwanamke. Kazi yake ya kwanza ni kukusanya risiti. Kila mwanachama anunuaye dawa alete nakala, jina lake likifichwa. Katika miezi sita tutajua dawa moja inauzwa kwa bei ngapi mbalimbali kati ya Mombasa na Kisumu. Sisi watu wa reli tuna bahati hii, njia yetu imepita katika miji mingi.

La pili, tujifunze. Mtu akiandikiwa dawa amwulize daktari jina lake la asili, siyo jina la biashara tu, tena aulize kama iko jeneriki iliyoandikishwa. Tuombe wauguzi na wafamasia wanaotupenda waje mikutanoni kutufundisha.

La tatu, bei zitangazwe. Afrika Kusini, tangu mwaka 2004, kiwanda hutakiwa kuuza kila dawa yake kwa bei moja kwa wanunuzi wote wa upande wa binafsi, na kiwango cha juu cha kuipandisha kila mwaka huwekwa na Waziri. Kama wao waliweza kuandika sheria hiyo, kwa nini sisi tusiidai?

La nne, wajumbe wetu wabebe mezani dai hili. Mwajiri naye atie mkono katika mfuko wa matibabu kama anavyotia katika nyumba na katika malipo ya uzee. Na vyama vyetu vikutane na vyama vya wagonjwa, tukae kama ndugu, tuunde sauti moja isiyo ya kabila, isiyo ya dini, isiyo ya chama cha kura.

Kazi hii haitakwisha mwaka huu wala mwaka ujao. Watu wa TAC walianza na sahihi penye kanisa, na miaka mitano ilipita kabla makampuni hayajaweka mkono katika mapatano. Baba zetu walipoanzisha vyama vya wafanyakazi nchi hii, waliambiwa kibarua hana haki ya kujadili bei ya jasho lake. Leo hakuna mwajiri anayethubutu kusema hivyo mbele ya watu. Siku yaja ambapo hakuna mwuza dawa atakayethubutu kusema mgonjwa hana haki ya kujadili bei ya uhai wake. Siku hiyo italetwa na wenye risiti mikononi.

Basi ndugu, leteni risiti.

Sisi, wafanyakazi wa reli, Nairobi.